Rangi Juu ya Rangi

Jumapili, 6 Oktoba

Mchungaji ametuagiza wajumbe wote wa kamati ya utume tuandike yale Mungu anayotuambia msimu huu wa mvua, maana kabla mwaka haujaisha atateua mtu wa kuongoza ushirika wetu na wachungaji wa ng'ambo ya mpaka. Si safari moja tu. Kazi yenyewe, ya miaka. Haya, naandika. Leo Mungu hajaniambia kitu. Aliyesema mengi ni Wifi.

Daftari ni langu, kwa hiyo niseme wazi: kazi hiyo naitaka. Naitaka mpaka tumbo linaniuma. Nimo kwenye kamati tangu kitinda mimba wangu hajaota meno, na sasa ananyoa ndevu. Sare zote za safari nimeshona mimi. Wifi, dada wa mume wangu, mwalimu wa chekechea, ameingia mwaka jana tu, tena kwa sababu mpishi wa safari aliugua na akatafutwa mtu wa kukoroga sufuria. Leo anasimama kwenye kikao na ile sauti yake ya kubembelezea watoto walale, na watu wazima wenye miwani wanatikisa vichwa kama wanasinzia kweli.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Umeme umekatika, nimekaa dukani naangalia cherehani nayo inaniangalia. Mungu kimya.

Jumapili, 13 Oktoba

Mchungaji amemtaja Wifi. Mbele ya kanisa zima, baada ya matangazo ya ndoa. "Dada yetu ataongoza safari ya mwezi huu kwa majaribio, tuone Bwana anasema nini." Kwa majaribio. Neno hilo nimelishika kwa kucha zote.

Makofi yalipigwa. Na mimi nilipiga, tena kwa nguvu kuliko wote, mpaka mama aliyekaa mbele yangu akageuka kuangalia kuna nini. Donge limenikaa hapa kooni tangu saa ile. Chakula cha mchana kimepita pembeni yake kwa shida.

Nimetajwa na mimi pia, nisiwe mchoyo wa habari. Msimamizi wa rangi. Kila mwaka timu yetu huwapakia wenyeji kanisa lao rangi, bluu, halafu tunapiga picha mbele ya ukuta. Basi Wifi atabeba Biblia, mimi nitabeba ndoo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kaja dukani asubuhi, miguu imejaa tope, uso unang'aa. Nilikuwa nakunja pindo la suruali ya mtu, pini mdomoni.

"Wifi yangu, hujanipongeza."

"Hongera," nikamwambia kupitia kwenye pini. Mtu mwenye pini mdomoni hadaiwi tabasamu, na mimi sikuzitoa. Nilipomaliza pindo nikachukua nyingine kwenye kopo, nikaziweka mdomoni tena, ingawa suruali ilikuwa imeisha.

Akakaa. Akasifia kitambaa. Kisha akashusha ile sauti: "Nataka unishonee gauni la siku ya kuagwa. Fundi mwingine simwamini."

Yaani mimi. Nimshonee yeye. La siku hiyo.

Nikamwambia alete kitambaa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mama mkwe analala chumba cha nyuma, nyonga haimruhusu kutoka tangu mvua zilizopita. Mlango wake unaangalia pale ninaposhonea kazi za nyumbani, na macho yake ni mazima kuliko yangu.

"Unashona kama unachinja," kaniambia.

"Kitambaa kigumu, mama."

"Kitambaa cha nani?"

"Cha mwanao."

Akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia akauliza kama Mchungaji atapita wiki hii kumwombea. Huuliza kila wiki. Nikamwambia Mchungaji ana kanisa kubwa. "Na mimi nina nyonga moja," akasema, akageukia ukutani.

Mume wangu nimemgusia habari ya dada yake. Akakumbuka kwamba mkate umeisha, akatoka kwenda kununua. Tulikuwa na mikate miwili mezani.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kapima. Nilikuwa nimejiambia nitambana kidogo kiunoni, kidogo tu, kiasi cha kumfanya ahubiri kwa pumzi fupi. Mkono ukanikatalia. Gauni limemkaa kana kwamba kazaliwa nalo, mabega yamelala, pindo limenyooka. Akajigeuza mbele ya kioo, machozi yakamlengalenga, akanikumbatia. Nilitamani kulia na mimi, kwa sababu zangu mwenyewe. Ningekuwa fundi mbovu leo ningekuwa na raha.

Jumapili, 20 Oktoba

Tumeagwa. Watu watatu wamemuuliza gauni kashona nani. Kawaambia. Hata hapo kanizidi, hakuficha.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua. Ndoo za rangi zimekuja, zimejaa ukumbini kwangu. Nikipita najigonga vidole vya miguu, kila nikijigonga namkumbuka mtu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Tumefika. Barabara mbaya, mgongo hauna mahali pazima. Wenyeji walikuwa wamesimama nje kwenye manyunyu wanatusubiri. Mchungaji wao ni yule tunayemwita Mrefu, mlango wowote lazima ainame. Kampokea Wifi kwa mikono miwili, "binti yetu amerudi". Mimi nimekuja hapa safari nyingi kuliko yeye, nikapewa mkono mmoja na swali: "Rangi imefika salama?"

Jumanne, 29 Oktoba

Wifi anapendwa. Wanawake wa hapa wanamvuta jikoni, wananong'onezana naye, wanacheka. Akisema neno, anaitikiwa. Wao wakisema neno, anaitikia. "Ndiyo, baba mchungaji." "Sawasawa kabisa, mama." Siku nzima sijamsikia akisema hapana hata kwa chai ya nne.

Niliomba jioni. Niliomba Mungu aniondolee kijicho, halafu nikajikuta namweleza kwa kirefu kwa nini Wifi hafai.

Jumatano, 30 Oktoba

Leo nitaandika mengi.

Asubuhi nilianza ukuta wa upande wa madirisha. Unyevu umeivimbisha rangi ya zamani, imetoka malengelenge, na mimi si mtu wa kupaka juu ya malengelenge, kama nisivyoshona juu ya kitambaa kilichooza. Vijana wa timu wakasema tupake tu, picha ni saa kumi. Nikachukua kisu cha kukwangulia, nikaanza kutoa.

Haikutoka rangi, lilitoka gamba. Nene. Nikalishika mkononi nikalitazama ubavuni: bluu, chini yake kijani, chini yake bluu, chini yake maziwa, chini yake bluu tena. Bluu ni sisi. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anafagia, kijani ni ya nani. "Wageni wengine, wa mwezi wa sita." Na hiyo ya maziwa? "Wengine, wa sikukuu." Akaendelea kufagia, hakuona cha ajabu.

Nikaenda kufunga dirisha, maana mvua ilikuwa inapiga ndani. Halikufunga. Nikasukuma kwa bega. Nikajaribu la pili, la tatu. Fremu zimepakwa na kupakwa mpaka mbao hazina pa kuingia. Hakuna dirisha hata moja la kanisa lile linalofungika. Chini ya kila dirisha kuna ndoo ya kukinga maji, na nilipoziangalia vizuri nikazijua. Ndoo zetu. Za rangi ya miaka iliyopita.

Mrefu alikuwa anapita na Wifi. Nikamwonyesha lile gamba.

"Baba mchungaji, kanisa hili linahitaji rangi?"

Akatabasamu. "Tunashukuru sana kwa upendo wenu."

"Sikuuliza shukrani. Linahitaji rangi?"

"Wifi, tafadhali," Wifi akasema kwa sauti ya chekechea.

Mrefu akatazama dirisha. "Mtu amesafiri siku nzima kwenye tope na ndoo za rangi kichwani. Utamwambia nini?"

"Utamwambia arudi nazo. Madirisha hayafungi, watu wenu wanalowa ndani ya kanisa, na nyie mnatupigia vigelegele. Mbona hamsemi?"

"Na nyie mbona hamuulizi?"

Hakuipandisha sauti, lakini tabasamu lilikuwa limeondoka, na kwa mara ya kwanza katika safari zangu zote niliona sura yake halisi. Sura ya mtu aliyechoka na sisi. Nikaona aibu, na aibu kwangu mimi ikiingia hutoka ikiwa hasira.

"Basi mimi sipaki," nikasema. Nikaweka kisu chini. Nikashika brashi za vijana wote, moja moja, nikazitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Picha ya saa kumi haikupigwa.

Wifi alikuwa amesimama na gauni langu, mikono kifuani, kama mtu aliyefiwa.

Alhamisi, 31 Oktoba

Hakuna aliyenisemesha asubuhi. Mvua. Nilikaa chumba cha wageni nikakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Wifi kaja, kafunga mlango. Macho mekundu.

"Umenitia aibu. Safari yangu ya kwanza kuongoza. Ulishindwa kunivumilia wiki moja?"

Kumbe anajua kwamba simvumilii. Kumbe wakati wote anajua. Nikaendelea kukunja.

"Halafu," akasema, akakaa kitandani, "habari ya rangi niliijua. Mwaka jana jikoni mke wa Mrefu aliniambia. Alisema wakisikia gari letu wanaanza kutafuta mahali pa kuweka ndoo."

"Ukakaa nayo mwaka mzima?"

"Ningesemaje? Kamati imejitolea, Mchungaji anapenda zile picha. Ningewaumiza."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe?" Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeomba kisu. "Wewe ungesema."

Tungeweza kucheka pale, lakini hakuna aliyeanza. Akatoka. Nikabaki najiuliza kitu kibaya. Nimemwonea wivu mtu huyu msimu mzima kwa vile wenyeji wanamwambia mambo, na ni kweli wanamwambia. Kumbe wanamwambia kwa kuwa hayatoki.

Ijumaa, 1 Novemba

Mrefu kawakusanya wachungaji wenzake wa vijijini, wote wamekuja kwa miguu, viatu wameacha mlangoni vimejaa maji. Timu yetu tukakaa upande mmoja. Akainama, akaingia, akauliza, "Aliyekataa kupaka yuko wapi?"

Nikanyoosha mkono. Nilijua nafukuzwa. Nikajiambia, basi, kazi imekwenda, Wifi achukue, na mimi nikashone suruali za watu mpaka nizeeke.

"Jana tumekaa," Mrefu akasema, "tukajiuliza, kama mama huyu angetuuliza tena, kweli kweli, tunataka nini, tungesemaje. Tumepata jibu. Tunataka kuja kwenu, Januari."

"Mje kwetu kufanya nini?" Ilinitoka kabla sijaipima. "Kwetu wachungaji tunao."

Wifi akafumba macho. Mzee mmoja pale kwenye kona akaanza kutikisika mabega, nikaona anacheka, na Mrefu naye akacheka.

"Na sisi tunao," akasema. "Mmekuja hata hivyo."

Akaendelea kwamba kila Alhamisi wanawaombea watu wa kanisa letu, wamefanya hivyo miaka yote, na hatujawahi kuwauliza wanatuombea nini. Hawana gari, hawana ukumbi, lakini hakuna mgonjwa wao anayemaliza wiki bila mchungaji kukaa kitandani kwake. Akauliza: "Kwenu, mtu asiyeweza kutoka nyumbani, nani anakwenda kwake?"

"Tuna idara, baba mchungaji," Wifi akasema taratibu. "Idara ya huduma. Ina utaratibu mzuri."

Nikamgeukia. Mama mkwe ni mama yake mzazi. Kamzaa. Na hata hilo kalipaka rangi.

"Hakuna anayekwenda," nikasema. "Mama yake huyu, mama mkwe wangu, yuko kitandani tangu mvua zilizopita. Anauliza kila wiki. Hakuna aliyekuja."

Wifi akainamisha kichwa, akaanza kulia bila sauti. Mke wa Mrefu akamshika mkono. Wale wachungaji waliolowa wakauliza jina la mama, wakamwombea palepale, kila mmoja kwa zamu, kwa jina lake, wakiitaja na nyonga.

Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba. Sijui nieleze vipi. Kwa kitambo kirefu sikufikiria gauni, wala makofi, wala nani kapewa mkono mmoja na nani miwili. Nilifikiria tu jinsi ya kuwafikisha watu hawa kwenye chumba changu cha nyuma. Walipomaliza nikawaambia, "Siwaahidi. Kamati yetu naijua, mara ya kwanza watakataa. Nitauliza mpaka wanichoke."

"Hiyo inatosha," Mrefu akasema.

Jumamosi, 2 Novemba

Tumekwangua fremu zote za madirisha, sisi na wao. Mikono ina malengelenge kuliko ukuta. Kabla ya giza dirisha la kwanza lilifunga.

Jumatano, 6 Novemba

Nyumbani. Safari nzima Wifi alikaa kiti cha mbele, mimi cha nyuma. Wivu umerudi tangu tulipovuka mpaka, ulikuwa unanisubiri pale na mizigo yake. Atatoa ripoti nzuri, ataisema vizuri, na watampa.

Jumapili, 10 Novemba

Katoa ripoti nzuri. Kaisema vizuri. Habari ya rangi kaiita "changamoto ndogo ya mawasiliano". Makofi.

Baada ya ibada Mchungaji katuita ofisini kwake, sisi wawili. Juu ya meza kulikuwa na zile picha za kuta za bluu za miaka yote, kwenye fremu. Akasema Mrefu amempigia simu na anataka tumsikie, akampigia, akaweka sauti kubwa.

"Yule mpole ni binti yetu," Mrefu akasema, mvua ikisikika nyuma yake. "Tunampenda, aje wakati wowote. Lakini kazi mpe yule mkali. Yule akisema ndiyo, tutajua ni ndiyo."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Simu ilipokatika Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Niliona hakupanga hivi.

"Na wewe," akaniuliza, "msimu huu Mungu amekuambia nini?"

Nilikuwa na jibu nililolitunza tangu Oktoba, lenye maandiko na kila kitu. Sikulikumbuka.

"Hajaniambia kitu, Mchungaji. Nilisubiri sauti, sikuisikia. Nilichopata ni dirisha lisilofunga na hasira. Hasira yenyewe haijaisha. Nikilala nawaona wale watu na viatu vyao mlangoni, nikiamka bado wapo. Kama huo ndio wito, basi ninao. Kama siyo, mpe mwingine, lakini wale wachungaji Januari waje."

"Tutaliangalia suala hilo."

"Utaliangalia lini?"

Akashusha pumzi ndefu. Akanipa kazi. Kanipa kama mtu anavyokabidhi mbwa mkali kwa mwenyewe, kwa uangalifu, akirudi nyuma.

Nilitoka nje nikitegemea kuruka. Nilichofanya ni kugeuka kumtafuta Wifi, na Wifi alikuwa ameshaondoka kwa miguu kwenye mvua.

Jumanne, 12 Novemba

Mchungaji kaja kumwona mama mkwe. Kakaa kidogo, anatazama saa. Alipoondoka mama mkwe akasema, "Wale wako wanakuja lini?"

Alhamisi, 14 Novemba

Jua limetoka asubuhi, la kuibia. Wifi huja kila Alhamisi kufua mashuka ya mama yake, na leo kaja. Nilimkuta uani anaanika. Alinisikia, hakugeuka. Vibanio vya nguo vilikuwa mdomoni mwake.

"Hongera," akasema kupitia kwenye vibanio.

Nikasimama. Hongera ile naijua. Nimeishona mwenyewe.

Nikamwendea, nikachomoa kibanio kimoja mdomoni mwake, nikabania pembe ya shuka. Akanitazama. Nikachomoa cha pili, nikabania pembe nyingine. Cha tatu alikiuma kidogo kabla ya kukiachia.

"Haya, sema sasa," nikamwambia.

"Roho inaniuma," akasema. Ile sauti ya chekechea haikuwepo kabisa, hii ilikuwa kavu, ya mtu mzima. "Inaniuma, wifi. Chakula hakipiti. Wananipenda mimi, wakakuchagua wewe. Hata sitaki kukuona na hilo daftari lako."

"Inaanzia tumboni, halafu inapanda kooni."

"Wewe umejuaje?"

"Unadhani zile pini zilikuwa mdomoni kwa kazi gani? Suruali ilikuwa imeshaisha."

Alifikiri. Nikaona anarudi nyuma siku moja moja, dukani, mbele ya kioo, garini. Mdomo ukamchezacheza upande mmoja, lakini hakucheka, alijizuia.

"Nakuhitaji," nikamwambia. "Mimi jikoni hawaniambii kitu. Wewe wanakuambia. Wewe utaniambia mimi, mimi nitasema."

"Kwa hiyo mimi nipeleke maneno, wewe upigiwe makofi."

"Safari hii kuna makofi? Waliniangalia jana kwenye kikao cha kamati kama nimewaua."

Akachukua shuka la mwisho kwenye beseni, akalikung'uta, akalitupa kwenye kamba.

"Sijakataa," akasema. "Lakini sijakubali. Bado inaniuma."

Kisha akainama, akaokota kibanio kingine, akakiweka mdomoni.

Nikamwacha nacho. Mimi pini zangu nilikaa nazo karibu mwezi mzima.